Kupanda Ngazi Huku Unaongea

Jumatatu, 4 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati ya moyo. Wenzangu wamerithi viwanja, mimi nimerithi moyo usiochoka, na sibadilishani na mtu. Leo mashine imethibitisha.

Binti yangu, muuguzi, anarudi kazini wiki ijayo. Anatafuta wa kumshusha mjukuu wangu uani kila asubuhi apate jua, kisha ampandishe tena ghorofa ya nne. Lifti ilishakufa. Tumejitokeza wawili. Mimi, fundi makochi, babu mzaa mama. Na Bahasha, baba wa mumewe, aliyesambaza barua kwa miguu mpaka akastaafu, na sasa amekonda kama barua zenyewe.

Binti akatuvisha saa ya kupima mapigo ya moyo, kwa zamu, tukapanda. Bahasha akaleta mia moja na kumi na mbili. Mimi mia moja sabini na moja. Nimemtandika vibaya. Nilitaka kumpa pole, ila nilikuwa nimekaa chini kwanza.

Jumanne, 5 Machi

Binti kapiga simu. Eti aliyefanya vizuri ni Bahasha. Nikamuuliza tangu lini mia moja na kumi na mbili ikazidi mia moja sabini na moja. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hesabu hiyo naijua.

Akacheka. Akasema mtu yeyote akifanya mazoezi misuli inadai damu, na moyo unaongeza kasi. Hilo halina ubaya. Ila moyo uliozoea kazi unasukuma damu nyingi kwa pigo moja. Usiozoea unasukuma kidogo kidogo, ndiyo maana unahangaika. Nikamwambia mbona cherehani yenye kasi ndiyo bora. Akauliza kama anazungumza na mwenye ile cherehani inayotetemesha meza mpaka mkasi unaanguka. Nikamwambia mtandao unakatakata, nikakata.

Jumatano, 6 Machi

Mkakati mpya: kushusha namba. Nimelala kwenye kochi la mteja na saa mkononi. Sabini na nne! Nikampigia binti kumpa matokeo. Akasema, baba, mjukuu wako haishi kwenye kochi.

Halafu akabadilisha mtihani. Namba hazitaki tena, maana hata kahawa, joto, kiu na woga huzipandisha. Atatumia masikio. Jumamosi kila mmoja atapanda na mfuko wa unga kifuani kama mtoto, huku anaongea. Anayeweza kuongea bila kuhema, moyo wake haujazidiwa. Anayeshindwa kumaliza sentensi apunguze mwendo.

Kuongea! Mimi! Kuna wateja wameniongezea hela ili ninyamaze. Namwonea huruma Bahasha.

Alhamisi, 7 Machi

Jaribio kwenye ngazi za jirani. Nilianza kisa cha kochi la yule bwana mkubwa lililokataa kupita mlangoni. Ghorofa ya kwanza, kisa kinanoga. Ya pili, yakabaki maneno matupu: kochi, mlango, bwana. Ya tatu nikasema "na".

Mke wangu, aliyekuwa nyuma yangu, akauliza na nini. Sikuwa na nini. Akasema tangu tuoane hajawahi kupata utulivu kama huu, akaomba tushuke turudie tena.

Ijumaa, 8 Machi

Akili inafanya kazi pale pumzi inapogoma. Nimejirekodi kwenye simu. Kisa chote cha kochi, na "unajua tena" za hapa na pale, na kicheko changu kile kizito. Simu itakaa mfuko wa shati, nyuma ya unga. Mimi nitafungua na kufunga mdomo tu. Nimejisikiliza mara kadhaa. Yule jamaa anaongea vizuri sana.

Jumamosi, 9 Machi

Binti alisimama juu, ghorofa ya nne. Bahasha alitangulia, akasimulia habari za soli za viatu mwanzo mpaka mwisho. Kisa hakina chumvi, ila pumzi imenyooka.

Zamu yangu. Ghorofa ya kwanza nilikwenda sambamba na sauti yangu. Ya pili ikaniacha. Ya tatu nikakaa kwenye ngazi, nimekumbatia unga, macho yanaona nyota, na mfukoni sauti yangu inasema niko imara, hata ghorofa kumi naziweza.

Binti akauliza kutoka juu kama nimechoka. Mfuko ukajibu kwamba mlango ulikuwa mwembamba. Akauliza tena. Mfuko ukacheka.

Akashuka mbio. Akanishika mkono, akanipima, akauliza kama kifua kinauma. Hakiumi, nikatikisa kichwa. Kizunguzungu? Hapo nikakubali. Nilitegemea atacheka, maana kisa kilikuwa kimefika patamu. Hakucheka. Akanishika tena mkono, akahesabu mapigo upya. Akaniuliza kama ule unga ungekuwa mwanawe ingekuwaje. Halafu, taratibu, akasema baba, namtaka mtoto na wewe nakutaka.

Bahasha akauchukua unga kwa mkono mmoja, mimi akanishika kwapa kwa mkono mwingine. Hakunitania hata kidogo. Hilo ndilo limeniuma.

Jumapili, 10 Machi

Uamuzi umetoka. Kesho napelekwa nikapimwe na daktari. Akiniruhusu, Bahasha atambeba mtoto, mimi nitapanda nyuma yao polepole, napumzika kila ghorofa, naongea. Nikinyamaza, msafara wote unasimama. Binti anasema nikienda hivyo kila siku moyo utazoea, na ipo siku nitambeba mwenyewe.

Jengo zima sasa linajua kwamba nimeteuliwa msimamizi wa msafara. Mlinzi wa getini amenipa mkono wa hongera. Mtoto naye leo amenitazama na kucheka; Bahasha anasema ni gesi tumboni. Wivu.

Mchana nimerekodi sauti mpya, ndefu zaidi. Safari hii nimeweka na majibu: "Sijachoka, mwanangu", "Hapana, kifua hakiumi", na kikohozi kidogo ili isitiliwe shaka.

Ila wewe daftari nikwambie kweli: ile habari ya moyo wa bahati usiochoka ni uongo. Moyo wangu ni wa kawaida, tena haujapata mazoezi.