Neno la Padri kwa Wifi Restituta

Jumatatu, 2 Juni
Nimechoka na Restituta. Ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu Rwegasira, lakini nimechoka! Mwaka jana padri Mwingereza alitafuna kahawa yake, zile punje kavu tunazokaribishia wageni, akamwambia kwa Kiingereza yeye ni "nais". Tangu siku hiyo anatembea Nshamba nzima kama kasimikwa uaskofu. Jumapili padri anarudi. Jumuiya yetu ya kanisa itachagua nyumba ya kumpokea. Kwangu hajatafuna kahawa mgeni yeyote tangu mzee wangu azikwe. Nyumba isiyotoa kahawa ni ya panya tu. Safari hii ni mimi.

Jumanne
Nimempigia mjukuu wangu Annastella, anafundisha Kiingereza Bukoba. Mimi shule sikukanyaga, basi nauliza. Anasema neno hilo lilizaliwa kwa Warumi, likapita kwa Wafaransa, na mwanzo lilikuwa tusi: mtu asiyejua kitu. Mjinga! Baadaye likawa mwenye haya, kisha mtu wa kuchagua-chagua, mwishoni ndipo likawa mzuri. Hapo kwenye mwisho nimemwambia mtandao unakatika.

Jumatano
Baada ya rozari nimesimama nikatangaza: Restituta aliitwa mjinga. Katekista Aristides akauliza, halafu neno likaendaje? Ningenyamaza. Lakini elimu inawasha. Nilipofika kwenye mtu wa kuchagua-chagua, wote wakanitazama mimi. Restituta akalia. Wakamchagua yeye, kwa huruma. Jioni nimempelekea mkungu wa ndizi, nikamwambia afute makamasi, anatia ukoo aibu.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda kwake. Nimesingizia miguu. Kahawa nimeiandaa hata hivyo, sijui ya nani. Jioni hodi! Restituta, na padri nyuma yake. Anasema nyumba ya kaka yake haipitwi na mgeni. Nilitaka kumfukuza. Nikamkumbatia mpaka kilemba chake kikaanguka. Padri akatafuna, akafumba macho, akaniambia mimi ni "nais". Mzee angekuwepo!

Jumatatu, 9 Juni
Nshamba yote inajua, nimepita mwenyewe duka kwa duka. Restituta ananiuliza kama sasa na mimi ni mjinga. Nimemjibu lile neno limeshakua, lina akili zake. Ila anasema padri alipoaga alimwita yeye "swiiti". Swiiti! Nimempigia Annastella aniambie hilo nalo lilizaliwa wapi. Aanzie mwanzo tu. Huko mwisho mtandao unasumbua.