Maombi ya Basi Kusimama Mkumbara Hadi Kikao Kiishe

Umoja wa Wauza Matunda na Mahindi,
Kituo cha Basi Mkumbara,
Korogwe.

Ndugu Meneja wa Mabasi,

YAH: DEREVA WAKO GODLISTEN KUONDOKA TUKIWA BADO AJENDA YA PILI

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi mimi, basi nimeipokea yako, marahaba. Natumaini mabasi yako hayajambo. Sisi huku Mkumbara ni wazima, isipokuwa ndizi, ambazo hali yake si nzuri, na sababu ni dereva wako.

Mimi ni Mikaeli Dominiko, katibu wa umoja huu. Kabla ya kuuza ndizi nilikuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Mazinde, kwa hiyo mambo ya muhuri na nakala tatu sikuyaanza jana. Wanachama wote tunalitegemea basi lako la asubuhi. Ndilo ada za shule, ndilo mboga, ndilo bati la nyumba. Sasa Godlisten ametutangazia kwamba akitukuta tena tumekaa kikao, atatafuta wauzaji wengine huko mbele na hatasimama Mkumbara kamwe. Meneja, naogopa. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nikueleze kidogo tulikotoka. Zamani hatukuwa na uongozi wowote. Basi likisimama, kila mtu alikimbilia dirishani na sinia lake, akataja bei kwa kadiri alivyoiona sura ya abiria, akauza, akarudi kukaa. Tulikuwa tunauza sana, lakini tulikuwa tunauza bila dira. Mwaka jana tukaitwa semina Korogwe mjini, na mtaalamu mmoja, Bi Edna, akatufundisha kwa siku mbili, pamoja na soda, kwamba taasisi yenye afya haina mtu anayeamua peke yake. Alisema uamuzi wa mtu mmoja ni udikteta. Mama Mwatumu, mwenyekiti wetu, akauliza hata kama ni uamuzi wa mahindi. Bi Edna akajibu hasa wa mahindi.

Tulirudi watu wengine kabisa. Mama Mwatumu aliiandika dira yetu kwenye boksi la sabuni na kuitundika kibandani: kuwa kitovu cha ndizi katika Afrika Mashariki na Kati. Tukaunda kamati. Tangu hapo shida yetu imebaki moja tu, nayo ni basi lako. Kwa heshima na taadhima, malalamiko yetu ni haya:

1. Dereva anasimama dakika tano. Ndani ya dakika tano sisi tunakuwa bado tunafungua kikao. Tunaanza kwa dua ya Waislamu, tunafuatia sala ya Wakristo, maana hapa tumechanganyika na hatubaguani, kisha tunahesabu akidi. Mwenyekiti anapouliza kama kuna mwenye nyongeza kwenye ajenda, tunasikia honi.

2. Abiria hawatoi ushirikiano. Abiria akiomba kupunguziwa bei, ombi lake huenda kwenye Kamati ya Punguzo, ambayo hulijadili na kulipeleka kwa mwenyekiti likiwa na mapendekezo. Juzi juzi mzee mmoja wa Same aliomba apunguziwe chane moja ya ndizi. Kamati ilimkubalia kwa kauli moja, na kusema kweli ulikuwa mjadala wa kiwango cha juu, niliuandika mwenyewe. Lakini tulipotoka kumpa taarifa alikuwa ameshafika kwake. Akipanda tena basi lako, tafadhali aambiwe kwamba ombi lake limepita.

3. Chenji. Kwa utaratibu wetu, chenji haitolewi mpaka wajumbe watatu wa Kamati ya Chenji washuhudie na wakubaliane. Mama mmoja aliondoka na basi huku noti yake ya elfu kumi iko mikononi mwa wajumbe. Alitoa kichwa dirishani akatuita wezi, mbele ya dira yetu. Iliniuma sana. Sisi si wezi, Meneja, tulikuwa tunapiga kura.

4. Godlisten mwenyewe hana utamaduni wa taasisi. Nilimfuata kwa adabu, nikamwomba azime injini na aingie kibandani kama mjumbe mwalikwa. Nilikuwa nimeshamfutia kiti. Akasema, "Mzee, nina abiria wa Arusha humu. Kwani nyie mna ajenda ngapi?" Nikamwambia saba, na mengineyo. Akaingiza gia kabla sijamfahamisha kwamba mengineyo huwa hayachukui muda.

5. Hili la mwisho ni la ndani, ila limeletwa na basi lako. Tunaye mwanachama, Amne, anayechoma mahindi. Amehudhuria semina ileile na kunywa soda ileile. Lakini basi likifika, anaondoka katikati ya hoja ya mwenzake, anauza, kisha anarudi kukaa na sinia tupu kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulimwita ajieleze. Alisema hindi likipoa halinunuliki, na kwamba ana watoto. Sote tuna watoto, lakini tuna utaratibu pia. Tukaunda tume ya kumchunguza. Tume ikabaini kwamba ndiye mwanachama pekee anayelipa ada ya umoja bila kukumbushwa, jambo lililozidi kututia mashaka. Chai ya tume ilinunuliwa kwa ada hiyohiyo. Mwisho tukamsimamisha uanachama, na sasa anauza upande wa pili wa basi. Huko ndiko abiria wanakogombania madirisha, na huku kwetu wamefunga mapazia.

Sitaki ufikiri naandika kwa hasira. Naandika kwa sababu jana nilirudi nyumbani na ndizi zilezile nilizotoka nazo. Mke wangu, Rosa, aliziangalia, akazimenya. Tunakula ndizi mbivu asubuhi, mchana na jioni. Mtu aliyefikia hatua ya kuzichukia ndizi anazoziuza, anahitaji msaada wa uongozi wa juu.

Kwa hiyo tunaomba basi lisimame Mkumbara kwa muda wa saa moja na nusu kila siku, na muda wa saa tatu siku ya mkutano mkuu. Tunaomba pia abiria wagawiwe muhtasari wa kikao kilichopita wakiwa bado Korogwe, ili wafike hapa wameusoma na tusipoteze muda wao. Ikiwezekana wachague mwakilishi mmoja wa kununua kwa niaba ya wote, awe mtu mtulivu, asiwe anayewahi msiba. Na Godlisten apelekwe semina. Soda zake tutachangia sisi, jambo hilo likipitishwa.

Nakutakia uongozi mwema na maamuzi yaliyojadiliwa mpaka mwisho. Nisalimie mafundi wa gereji, makondakta wote, dada anayekata tiketi, na yule mzee wa Same.

Wako katika mchakato,

Mikaeli Dominiko
Katibu
(Muhuri)

N.B. Meneja, barua hii ilikuwa haijapitishwa. Leo asubuhi ilikuwa ajenda ya nne, na tulikuwa kwenye ya pili basi lilipofunga breki. Godlisten alipiga honi mara moja tu, akasema hii ndiyo mara yake ya mwisho. Mama Mwatumu akasimama. Nilidhani anataka kutoa mwongozo, kumbe anatafuta sinia lake. Wajumbe wote wakamfuata, Kamati ya Chenji ikiwa mbele. Nikabaki kibandani na muhuri, akidi ya mtu mmoja. Nikachukua ndizi nami nikatoka.

Naandika haya nimeegemea ubavu wa basi, upande wa Amne, aliyesogea akanipa nafasi bila kuniuliza chochote. Dada wa dirisha la tatu ameniuliza bei, nimemtajia. Ameomba nimpunguzie, nimempunguzia hapohapo, na chenji nimempa mwenyewe. Ndizi zimekwisha zote. Godlisten amekubali kukuletea barua hii kama nitampa kabla hajaingiza gia, na kwa kuwa hakuna wa kushauriana naye, nimeamua mwenyewe kuituma.

Dakika tano zilezile zinatosha. Tafadhali usijibu, maana jibu likifika itabidi tuliitishie kikao.