Mashanta Ishirini ya Jeshi

Jumatatu, 4 Machi

Imetangazwa! Gazeti nimelisoma mara tatu nimesimama, kukaa nimeshindwa. Jeshi linafungulia watu binafsi mlango. Vinavyofyatuka na kulipuka vinabaki kwa kiwanda cha serikali. Vinavyovaliwa na kubebwa, hata sisi tunaruhusiwa kuomba. Wanaanza na mashanta, yale mabegi ya mgongoni ya askari. Nani ameshona mabegi ya shule miaka tisa mfululizo katika mtaa huu? Mimi!

Na imekuja wakati wake. Mabegi hayaendi tena, wazazi wananunua yale yenye katuni. Mke wangu amesema mwisho ni mwezi huu: nisipopata kazi ya maana, nafunga karakana na kwenda kuvaa ovaroli kiwandani, chini ya kaka yake. Shemeji ni msimamizi kule, mwaka wa ishirini na mbili. Nafasi ameshaniwekea. Jana mezani alikuwa ananipima mabega kwa macho, nilimwona.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji kaja tena kula. Kasikia ninaomba zabuni, kacheka hadi maji yakampalia. Akasema ulinzi wa nchi haukabidhiwi mtu anayefunga duka mvua ikinyesha. Nikamjibu afadhali mvua. Wao wanafungwa na chai, inaanza saa nne na kwisha saa sita. Akasema serikali haiwezi kufilisika vita vikiwa katikati. Nikasema mimi sihitaji mihuri saba kununua sindano moja. Mke wangu akatuomba tule.

Kabrasha la zabuni lina kurasa arobaini. Fundi wangu, mama mtu mzima aliyenizidi umri na ujuzi, anataka nilisome. Nimesoma jalada.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango! Nimekwenda kiwandani kumsalimia shemeji. Hakuwepo, yupo chai. Nikazungukazunguka humo. Ukutani mashanta mamia, ya kawaida tu. Lakini mezani karibu na mlango kuna machache yaliyotengwa, na chini ya kifuniko cha kila moja msalaba mdogo wa uzi mwekundu. Machache, yametengwa, yametiwa alama. Hata kipofu angeelewa kwamba hayo ndiyo bora!

Nikavaa moja mgongoni, koti juu yake. Mlinzi wa getini akanipa pole ya mgongo na kunieleza habari za mjomba wake aliyeanza hivyohivyo. Nimeazima tu.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi kapima shanta. Anasema mkanda wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, vidole vitatu vizima. Nikawaza kidogo tu nikaelewa: bunduki! Askari anabeba bunduki bega moja, lazima mzigo ulalie upande wa pili. Haya mambo wanasomea. Nikamwagiza ashone ishirini, asiongeze wala kupunguza, na msalaba mwekundu autie. Akasema atashona, ila mtu akiuliza, yeye hayumo.

Jumapili, 10 Machi

Situlii. Nimefagia karakana mara nne. Nimebuni jina la kampuni na nembo yenye simba. Mke wangu anasema simba anafanana na shemeji.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya kupeleka sampuli. Sitaki kuandika. Naandika.

Meja, mama mfupi asiyepepesa, akaamuru askari ishirini wavae mashanta yangu na kuzunguka uwanja. Raundi ya kwanza walipinda mabega. Ya pili mstari mzima ukaanza kuhama njia. Ya tatu waliishia kwenye maua. Nikaeleza habari ya bunduki. Meja akauliza nani kanifundisha hayo. Nikayatazama maua.

Kisha akafunua kifuniko. Akaangalia msalaba mwekundu. La pili. La tatu. Yote ishirini. Akamwita mwakilishi wa kiwanda cha serikali aeleze ile ni alama gani, na mwakilishi mwenyewe ni nani? Shemeji! Akaeleza, huku ananitazama, kwamba ni alama wanayoshonea kazi iliyokataliwa, ili ikafumuliwe.

Meja akasema amekutana na wafanyabiashara wengi, lakini mwenye kukataa bidhaa zake mwenyewe kabla hajazileta, ndiyo kwanza anamwona.

Askari wakacheka. Niliona aibu mpaka masikio yakachoma. Halafu Meja akaacha mzaha, akauliza nimeiona wapi alama hiyo, maana kiwandani kwao haitoki hata pini. Nikaiona jela, kabisa, na mlango wake.

Shemeji akasema yeye ndiye aliyenionyesha.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kumsifia viatu. Shanta nimemrudishia. Alilichukua tu.

Ijumaa, 15 Machi

Mke wangu kaongea na kaka yake, kaka yake kaongea na Meja. Wameamua hivi: mashanta yatashonwa na serikali, mikanda itashonwa na watu binafsi. Mimi nimepewa mikanda mia tatu ya majaribio! Karakana imepona! Fundi kalia, nami nikalia.

Kuna sharti. Mtu wa kiwandani lazima anidhamini kwa maandishi. Shemeji katia sahihi mbele yangu. Akasema nikiharibu, mwenye kufukuzwa ni yeye, na ana watoto watatu shuleni. Akaniomba nisibadilishe hata tundu la sindano. Nikamwahidi, na niliahidi kwa moyo wote.

Jumatatu, 18 Machi

Fundi kaenda kumwona daktari wa meno, kwa hiyo nimeshona mwenyewe tangu asubuhi, mikono inawasha kwa furaha. Mia moja na hamsini tayari!

Nimebadilisha kidogo tu. Kila mkanda nimeutilia kimfuko cha kalamu, maana askari naye anaandika. Ili kimfuko kikae, nimeupanua mkanda vidole viwili. Sasa haupiti kwenye bizimu za serikali, vile vyuma vya kufungia mkanda, lakini hilo ni lao. Bizimu zilezile miaka yote! Wajifunze kwa sekta binafsi.

Mzigo umeshaondoka saa nane. Shemeji sikumwambia, nataka ashangae.