Kipulizio cha Kuchongwa kwa Mkono

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu anaolewa Jumamosi. Anataka tarumbeta moja tu ilie akiingia ukumbini. Moja! Na kwenye bendi ya mtaa wapiga tarumbeta tuko wawili: mimi, na shemeji yangu Mashavu, kaka wa mke wangu. Mimi ni baba. Yeye ni mjomba tu. Lakini leo mke wangu kasema sauti ya kaka yake ni tamu zaidi. Kasema huku anakung'uta shuka, kama jambo dogo! Binti hapendi ugomvi, kaamua mwenyewe: Alhamisi atageukia ukuta, tupige kwa zamu, achague bila kujua nani ni nani.
Iliniuma. Nikishindwa, nitakuwa mgeni mwalikwa kwenye harusi ya mwanangu.

Jumanne, 4 Juni
Nimegundua tatizo! Si mimi. Ni kipulizio, kile kikombe cha shaba kinachokaa midomoni. Changu kimechubuka siku nyingi. Kuna fundi nyuma ya soko anayechonga vipulizio kwa mkono, kimoja kimoja. Kanipima midomo kwa rula! Kanijaribisha kadhaa. Chenye kina kifupi: sauti kali, mbwa wa jirani kahama kivuli. Chenye kina kirefu: sauti nzito, ya joto, imetulia. Fundi kasema hiyo ndiyo sauti ya mtu mzima. Mimi ni mtu mzima! Pesa sina. Tumebadilishana na redio ya sebuleni.
Mke kauliza redio iko wapi. Nimemwambia iko kwa fundi. Sikusema uongo.

Jumatano, 5 Juni
Kipulizio kipya kinataka pumzi za watu wawili. Nimepiga nusu wimbo, nikaona nyota. Labda fundi alinionya, nami nikawa najitazama kwenye kioo. Haidhuru. Mpango wa pili: nimempelekea Mashavu kipulizio changu cha zamani, zawadi. Nimemwambia kina bahati. Kwa kitu kile kibovu atatoa sauti ya bomba la maji! Kanikumbatia, machozi yanamlengalenga. Nikajisikia vibaya. Ilipofika saa ya chakula nilikuwa nimepona.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa! Tumekutana sebuleni. Binti kageukia ukuta, mama yake kaketi kama hakimu. Mashavu kaanza. Kile kibovu changu kimelia vizuri ajabu! Laini, safi, hakuna kukwama. Nilitamani kukichomoa mdomoni mwake. Zamu yangu. Mwanzo mzuri, sauti nzito, ya joto, hata mke wangu kainua nyusi. Kisha ikaja noti ya juu. Ikapasuka! Mlio wa mbuzi anayevutwa kamba.
Nikajua nimekwisha.
Binti hata hakugeuka. Kasema anamtaka wa pili. Mama yake kamuuliza kama kweli amesikia. Kajibu amesikia sana: noti hiyo ilikuwa inapasuka palepale kila asubuhi baba alipomwamsha kwa tarumbeta aende shule, na yeye haolewi bila hiyo.
Nimetoka nje kidogo. Vumbi lilikuwa limeniingia macho yote mawili.
Kwa hiyo kipulizio kimefanya kazi!

Jumamosi, 8 Juni
Nimepiga. Imepasuka palepale. Binti kacheka, kisha kalia, kisha vyote kwa pamoja, katikati ya ukumbi, bwana harusi hajui ashike lipi. Mashavu ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Sijawahi kufurahi hivi maishani.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari. Kama kina kirefu kimenipa ushindi, kirefu zaidi kitanipa nini? Nimepita kwa fundi, kusalimia tu. Anacho kimoja, ukingo umepakwa dhahabu. Anasema hicho kina sauti ya mtu mwenye wajukuu. Wajukuu! Lazima nijiandae mapema.
Nimerudi nyumbani, mke kauliza redio itatengenezwa lini. Nimemwambia avute subira, kazi nzuri haina haraka. Kisha nimekaa nikaitazama televisheni. Ina mkwaruzo kidogo pembeni. Nadhani nayo inahitaji kwenda kwa fundi.