Moyo wa Cucu na Mkebe wa Chumvi

Jumatatu, 7 Machi 2011

Mwanangu Mbogo amemwaga mkebe wote wa chumvi kwenye maji ya kuku sasa hivi. Kisha akajipigia makofi. Nilitaka kumchapa, nikambusu. Mwaka mmoja na nusu, na ameshanionyesha njia. Nyumba isiyo na chumvi!

Ni kwa ajili ya Cucu, mama mkwe wangu. Juzi alipigwa picha ya moyo mjini Embu. Daktari akanichorea. Presha ya miaka mingi imenenepesha ukuta wa chumba cha chini, kama mkono wa mtu anayepasua kuni kila siku. Nikafurahi, nikidhani moyo mnene ndio wenye nguvu. Akasema hapana, ukuta mnene haulegei. Chumba cha juu kinasukuma damu iingie, kinasukuma, mpaka kimevutika na kuchoka. Kikianza kutetemeka, damu italala humo, igande, iende kwenye ubongo. Kwa hivyo dawa kila siku, na chumvi kidogo sana.

Wifi yangu Nelius, karani wa mjini, ameamua: presha isiposhuka kufikia Jumatatu ijayo, Cucu anahamia kwake. Ati mimi niliishia darasa la saba. Cucu aliyenipokea na tumbo la miezi sita bila kuuliza neno! Mbogo halali bila mgongo wa Cucu.

Nelius ataona.

Jumanne, 8 Machi

Githeri, mahindi na maharagwe, bila chumvi. Cucu akatafuna, akauliza ni nani amekufa.

Jumatano, 9 Machi

Nimepata! Magadi. Huwa naweka kidogo tu, maharagwe yaive upesi. Leo vijiko vitatu. Githeri laini, ladha imerudi. Cucu amekula sahani mbili, akasema mwanawe alijua kuoa. Nimetoa machozi. Moshi.

Ijumaa, 11 Machi

Vijiko vinne. Lakini Cucu akipanda mlima kutoka shamba la majani chai alisimama mara mbili, mkono kifuani. Anasema ni jua. Nimehesabu tembe, anameza zote. Ni nini basi? Situlii. Nimefagia uwanja mara tatu.

Jumatatu, 14 Machi

Kliniki. Wiki jana namba ya juu ya presha ilikuwa 168. Leo 181! Nelius akaanza kupanga ni kitanda gani atampa. Muuguzi, Bwana Njagi, akauliza tunapika nini. Nikaeleza kwa fahari. Nilipofika kwa magadi akaweka kalamu chini.

"Mama Mbogo, magadi na chumvi ni ndugu. Moyo hauulizi majina."

Nikaangalia viatu vyangu. Cucu akanishika mkono, akamgeukia bintiye.

"Huyu anakosea akinipikia. Wewe utanipikia saa ngapi, nawe uko ofisini?"

Nelius akatoa wiki moja. Moja tu.

Jumanne, 15 Machi

Magadi nimetupa chooni. Sasa natumia akili. Nimechoma maganda ya maharagwe, nikachuja majivu kwa maji ndani ya kibuyu kilichotobolewa, kama nyanya yangu zamani. Yanatoka meusi, na ulimini yanakolea vizuri ajabu. Si chumvi. Si magadi. Majivu tu, tena ya shamba letu! Bwana Njagi hakutaja majivu, na sioni haja ya kumsumbua. Nimeshamwaga kikombe kizima kwenye githeri ya Cucu. Safari hii presha lazima

Nelius amefika bila kusema anakuja. Ananiita kutoka jikoni. Ameshika kibuyu, ameonja, anauliza haya maji meusi ni ya nini kama si chumvi.