Mshenga wa Samaki na Posa Yake

Kinyozi alikuwa amemaliza shavu la kulia na hajagusa la kushoto pale Mshenga aliposikia, kutoka kiti cha pili, sauti ya mtu mwenye pesa na kinyongo. Ni mchanganyiko adimu. Pesa peke yake huwa na akili zake, na kinyongo peke yake hakinunui kitu, lakini vikikutana kwenye kifua kimoja, tapeli yeyote anayejiheshimu humwomba kinyozi asubiri kidogo.

"Shemeji yangu ameweka tangi la samaki sebuleni," alilalamika yule mtu, dalali wa nyumba na viwanja, mnene kiasi, mwenye saa kubwa kuliko mkono wake. "Maji ya chumvi, taa za buluu, samaki wa rangi zote. Kila anayetoka kwake anazungumza hilo tu. Mimi sebule yangu ni mara mbili ya yake, na ndani kuna nini? Kochi."

"Mkeo anasemaje?" aliuliza kinyozi.

"Mke wangu ni dada yake. Anasema kochi linatosha. Halafu siku hizi hata simu zangu huyo shemeji hapokei. Sijui nimemkosea nini."

Mshenga alijua. Alijua vizuri sana, kwa sababu kosa hilo alikuwa amelitengeneza mwenyewe. Aligeuka na nusu ya povu kidevuni, akashusha sauti.

"Samahani, ndugu yangu, nimesikia bila kukusudia. Tangi si kazi. Maji si kazi. Kazi ni nani akae na nani. Samaki wa maji ya chumvi hawauzwi, wanaozwa. Ukikosea ndoa moja tu, asubuhi unakuta mapezi yanaelea."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mshenga wao."

Jambo la kuudhi kuhusu matapeli wazuri ni kwamba robo tatu ya maneno yao ni kweli. Ni kweli samaki wawili wenye rangi moja wanaweza kugombea pango moja mpaka mmoja afe. Ni kweli wapole hutangulizwa, wakazoea nyumba, ndipo wakorofi waletwe. Mshenga aliyajua yote hayo kwa moyo, na aliyatumia kama mwizi anavyotumia ufunguo mzuri wa fundi.

Kazi yake ilikwenda hivi. Kwanza alikuletea samaki sita wadogo, watulivu, wazuri wa kutazama. Aliwaelesha ndani ya mfuko wao wa maji juu ya tangi, akatega sikio kwenye kioo, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akatabasamu: wamekubaliana. Akakupa wiki moja ya kufurahi. Halafu akaja tena na kusema nyumba bila mzee haina adabu, samaki hawa wanahitaji mkubwa wa kuwalinda. Hapo ndipo alipomleta Mzee.

Mzee alikuwa kikande, samaki wa kichwa kikubwa na ngozi ngumu, mwenye meno yanayoweza kuvunja kome, na pezi la mkia lililopasuka kipande. Kabla ya kuletwa alikuwa amelazwa na njaa siku nyingi. Asubuhi wale sita wakawa hawapo. Mwenye nyumba akapiga simu analia, Mshenga akaja na uso wa msibani, akauliza kwa upole: "Ni nani aliyeingia hapa karibuni akasifia sana?" Hakutaja mtu. Hakuhitaji. Kila nyumba ina mtu wake wa kushukiwa. Husuda ikishapata jina, Mzee alionekana hana hatia, maskini, jicho baya ndilo lililompandisha hasira. Mshenga alimchukua bila malipo, kwa huruma, akauza samaki wengine sita, na mteja akabaki kumshukuru. Ndoo ile ile, samaki yule yule, nyumba nyingine.

Ndivyo alivyofanya kwa shemeji, mfamasia mwenye duka la dawa. Na mfamasia, alipoulizwa nani alisifia sana, alimkumbuka dalali aliyesimama mbele ya kioo nusu saa akisema, "Hongera, shemeji, hongera kweli."

Sasa ilikuwa zamu ya dalali. Tangi lake lilikuwa la mita mbili. Lililetwa na wanaume wanne wakiwa wanatukanana kwa adabu mlangoni, na kochi likasogezwa mpaka karibu na jikoni. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alirudi jioni na chaki kwenye mikono, akakuta bahari sebuleni.

"Mume wangu, umemuuliza nani?"

"Nimemuuliza mtaalamu."

Mwalimu hakubishana. Alikuwa na jambo moja tu kichwani, na halikuwa samaki. Kaka yake hakuwa amekanyaga pale kwa muda mrefu. Walikuwa wamebaki wawili tu tangu wazazi wao waondoke, na kila akimpigia kumwita chakula, kaka alikuwa na homa, au wageni, au mafua ya kutokea siku ile ile. Usiku Mwalimu alikuwa akilala akijiuliza kama mume na ndugu watakuja kukutana tena kwenye msiba wake. Wazo hilo lilimuumiza, na hakumwambia mtu.

Wale sita walikaa wiki yao vizuri. Kisha Mshenga akaja na ndoo.

"Mzee ni mpole kama shuka," alimwapia dalali. "Mumpe chakula kesho tu, leo msimlishe. Akila siku ya kwanza anavimba kiburi."

Dalali alimsindikiza mpaka getini. Mwalimu alibaki peke yake mbele ya kioo, akainua kifuniko aone mgeni vizuri. Mzee alipanda juu, akatoa mdomo, akamtemea maji usoni.

Mwalimu alijipangusa kwa upande wa kanga. Alikuwa ametemewa hivyo hivyo mara moja tu maishani, jioni moja nyumbani kwa kaka yake, na samaki mwenye mkia uliopasuka hivi hivi. Aliinama akamtazama kwa makini. Tumbo lilikuwa limeingia ndani. Alikuwa akiwafuata wadogo kwa jicho moja, na jicho hilo Mwalimu alilijua. Kwa miaka yote ya kufundisha, mtoto anayewauma wenzake kabla ya mapumziko alikuwa ni yule aliyetoka nyumbani bila chai. Hakuwahi kumchapa hata mmoja wao. Aliwapa mkate kwanza, mahojiano baadaye.

Alikwenda kwenye friji, akatoa kamba waliokuwa wa chakula cha jioni, akawamenya, akaanza kumlisha Mzee mmoja mmoja kwa vidole. Mzee alikula mpaka tumbo likawa duara. Alikula mpaka akakataa. Kisha akaenda kwenye kona, akajilaza ubavu kwenye jiwe, akalala kama mjomba aliyekuja kusalimia tu.

Dalali alikula ugali kwa mboga na kulalamika. Asubuhi samaki sita walikuwa hai, na Mwalimu akampigia kaka yake.

"Kaka, leo sikuiti chakula. Nakuita uje uone kitu. Ukija na mafua, njoo nayo."

Mshenga alisubiri simu ya kilio. Haikuja. Alisubiri siku ya pili. Siku ya tatu alinyoa mashavu yote mawili na kwenda mwenyewe, ndoo mkononi, kama mtu anayepita tu.

Sebuleni alikuta dalali upande huu wa kochi na mfamasia, mteja wake wa zamani aliyekubali hatimaye kuja siku hiyo, upande ule, wameketi kama watu wawili wanaosubiri kung'olewa jino. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya tangi. Mzee alikuwa amenenepa. Wadogo walikuwa wakipita chini ya tumbo lake.

"Karibu," alisema Mwalimu. "Tunakushukuru. Mzee ni mpole ajabu."

Mshenga alihesabu wale sita kwa macho, akahesabu tena. Mzee huyu alikuwa ndiye mtaji wake, kiwanda chake na mshirika wake wa pekee, na alikuwa ameshiba.

"Ndio maana nimekuja, mama," alisema. "Nimegundua kwamba huyu si salama. Nimekosa usingizi. Nitamchukua sasa hivi, na nitawarudishia chenu."

Dalali aliinua kichwa. Kosa la Mshenga lilikuwa kusema hivyo mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kunusa ni nani anataka kitu kuliko anavyoonyesha.

"Unarudisha pesa na unachukua samaki?" alisema dalali polepole. "Basi huyu ana thamani. Hatuuzi."

"Naongeza."

"Ameongeza. Ana thamani kubwa. Hatuuzi kabisa."

"Mume wangu," alisema Mwalimu, "samaki hawauzwi. Wanaozwa. Si ndivyo ulivyotufundisha, Mshenga? Sisi ndio wazazi wake sasa. Ukimtaka, lete posa."

"Posa gani, mama?"

"Ndogo tu. Utuambie kabla ya kwetu alikuwa akiishi kwa nani."

Mshenga alicheka kidogo, kisha akaacha. Mwalimu alikuwa ameinua kifuniko na kumwashiria kaka yake asogee. Mfamasia alisogea bila hamu, akainama, na Mzee akapanda juu akamtemea maji kwenye miwani.

Mfamasia alivua miwani. Aliutazama mkia uliopasuka kwa muda mrefu.

"Huyu ni wangu," alisema. "Huyu ndiye aliyekaa kwangu usiku ule."

Sasa macho yote yalikuwa kwa mtu mwenye ndoo. Mshenga alipima mlango, akapima dalali, akampima Mzee. Akiwa na Mzee angeweza kuanza upya mjini popote. Bila Mzee alikuwa tu mtu anayejua mambo ya samaki.

"Basi," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mafuta. "Hapakuwa na jicho baya. Palikuwa na njaa. Mimi ndiye niliyemnyima chakula, kwako mfamasia na hapa pia. Hakuna mtu aliyemhusudu mtu. Hao samaki wako waliliwa tu."

Dalali alimgeukia shemeji yake.

"Kwa hiyo miezi yote hii ulidhani nimekuroga samaki?"

"Ulisimama nusu saa nzima pale," alisema mfamasia. "Ukisema hongera."

"Nilikuwa nataka kujua taa umenunua wapi. Nikaona aibu kuuliza."

Mfamasia alijaribu kubaki na hasira, ikamponyoka, akaanza kucheka akiwa bado na maji kwenye nyusi. Dalali naye akacheka. Mwalimu aliingia jikoni, akafungua bomba ili wasisikie, akalia kidogo kwa furaha, akarudi na sahani tatu.

Mshenga alikohoa na kusogeza ndoo mbele.

"Mama, posa nimeleta."

"Umeleta," alisema Mwalimu. "Na tumeipokea kwa heshima. Lakini wewe mwenye kazi yako unajua kuliko sisi. Posa hupelekwa, jibu husubiriwa. Familia itakaa."

"Itakaa lini?"

"Pita Jumamosi. Usije mikono mitupu."

Alitoka na ndoo tupu ikigonga goti. Jumamosi akaja na kamba nusu kilo, akiwa na matumaini. Mwalimu aliwapokea, akawamenya, akamlisha Mzee mbele ya macho yake, akasema mjomba mmoja bado hajafika. Jumamosi iliyofuata alileta kome. Mjomba alikuwa amefika, lakini shangazi alikuwa na maswali.

Mpaka leo kila Jumamosi asubuhi kinyozi humwona akipita na kifurushi chenye barafu, amenyoa, amevaa shati safi. Dalali na shemeji yake huwa wako kochini wakibishana kuhusu taa. Mzee akimwona hupanda juu, hula alicholetewa, humtemea maji, kisha huenda kulala kando ya wale wadogo sita.

"Vipi, wamekubali?" humuuliza kinyozi anaporudi.

"Bado wanajadili," husema Mshenga, na kuketi kitini akijipangusa shavu.