Mtihani wa Kusugua wa Lascelles Pinnock

Lascelles Pinnock alikuwa amesimama kwenye stendi ya Half Way Tree, patti ya nyama ya moto mkononi na mifuko mitupu, alipowasikia wanawake wawili wakibishana nyuma yake. Mmoja aliapa kwamba Kanada wanatoa vibali vya kazi za mshahara mdogo: kutandika vitanda hotelini, kusugua mabafu. Mwenzake alisema hizo ni ndoto, shemeji yake kasubiri kibali mpaka kaota mvi.

Lascelles aliacha kutafuna. Asubuhi ile ile Bi Chevannes, mjane tajiri wa kule juu Cherry Gardens, ambaye Lascelles aliwahi kumuuzia zulia la Uajemi lililofumwa hapo jirani, Spanish Town, alikuwa amemlalamikia kwamba siku hizi wasafishaji wazuri hawapatikani, hata ukiwa na pesa. Huku nyumba chafu, huku mikono inayolilia kusafisha. Lascelles aliona biashara, tena ya halali kabisa, ukiacha ile sehemu ya uongo.

"Samahanini, dada zangu," akageuka, akijifuta mdomo kwa leso. "Sikuwa nasikiliza. Ila Kanada ikitajwa, mimi huwa naitika. Ndiyo kazi yangu."

Haikupita wiki, wanawake sita walikuwa wamekaa sebuleni kwake Vineyard Town, kwenye makochi ya ngozi, mbele ya televisheni kubwa kama mlango. Msemaji wao alikuwa Ionie Gayle, muuza samaki wa kukaanga, mwanamke mpana wa sauti ya taratibu. Kimbunga kilikuwa kimeezua paa lake, na tangu hapo yeye na mama yake walikuwa wakilala chini ya turubai.

"Bosi, ada ni kiasi gani?"

"Ada?" Lascelles alishika kifua kama mtu aliyetukanwa. "Miss Ionie, kazi za namna hii mwajiri ndiye anayelipa tiketi. Ukiona mtu anakudai hela, kimbia! Huyo tapeli."

Wanawake wakatazamana. Mtu wa vibali asiyetaka hela! Mmoja alitaka kulia.

"Kuna mtihani tu," akaendelea. "Wenye hoteli hawataki vyeti, wanataka kuona choo kinang'aa. Mtafanya majaribio kwenye nyumba za watu wangu, kisha majina yanakwenda Kanada."

"Na majaribio yanalipwa?"

"Miss Ionie, umeshaona mwanafunzi akilipwa kufanya mtihani?"

Hakuwahi kuona.

Basi mtihani ukaanza. Wanawake walisugua kwa Bi Chevannes, wakasugua kwa rafiki zake, na kila jioni Lascelles alipita na glovu nyeupe, akapapasa juu ya makabati, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kitaalamu. "Hapa Kanada ingekurudisha, mama." Kisha alizunguka mlango wa mbele kupokea malipo. Alinunua jozi mbili za viatu vipya na akaanza kuzungumza kwa lafudhi ya Kanada.

Siku moja Ionie alichelewa kutoka kwa Bi Chevannes.

"Umechoka, Miss Ionie?"

"Hapana, bosi. Nilikuwa napiga stori na mwenye nyumba. Anakusifu! Anasema kila wiki unapita mwenyewe mlango wa mbele, wala hukosi."

"Uaminifu ni kitu kikubwa," alisema Lascelles, na sifa zikamwingia mpaka miguuni.

Ionie alitazama chini. "Tunaona aibu, bosi. Umetuhangaikia bure. Jumamosi tuje tukusafishie kwako."

"Nyumba nzima?"

"Mpaka nyuma ya friji. Ila wewe utoke. Hotelini si mgeni hayumo chumbani tukifanya usafi? Umetufundisha mwenyewe."

Mwalimu gani asingefurahi? Aliwakabidhi ufunguo, akaenda kucheza domino na kunywa ramu.

Aliporudi jioni, harufu ya limau ilimpokea mlangoni. Akatabasamu. Akaita, "Mabibi?" Sauti ikamrudia mwenyewe. Sakafu ilimeremeta kutoka ukuta mpaka ukuta, na katikati hapakuwa na kitu. Makochi hakuna. Televisheni hakuna. Kitanda, friji, mapazia, hata balbu ya chooni. Aliona aibu kukanyaga sakafu safi namna ile. Akavua viatu, halafu ndipo akapiga kelele.

Jirani yake, mzee Tulloch, alichungulia juu ya ukuta.

"Pinnock! Si umepanda ndege?"

"Ndege gani?"

"Ya Kanada! Wale dada wamesema umepata kibali, na vitu umewaachia wagawane. Yule mpana kalia mpaka na mimi nikalia. Friji nimewabebea mwenyewe, na mgongo wangu huu!"

Kumwambia jirani kwamba ameingizwa mjini na muuza samaki? Hata. "Safari imeahirishwa," alisema Lascelles.

Jumatatu alipanda mbio mpaka Cherry Gardens. Ionie alikuja getini kwa Bi Chevannes na aproni yake, bila haraka.

"Mmenifanya nini, Miss Ionie?"

"Tumejilipa, bosi."

"Nakwenda polisi!"

"Twende wote. Utaanza kueleza wewe, au tuanze sisi?"

Lascelles akarudi nyuma hatua moja.

"Televisheni yako sasa ni mabati ya paa langu," Ionie alisema, na kwa mara ya kwanza alicheka. "Mvua ikinyesha mama anaisikiliza kama redio. Bi Chevannes ametuajiri moja kwa moja. Kanada tutaomba, polepole, kwa njia za halali. Kwaheri, bosi."

Lascelles alishuka mlima kwa miguu, viatu vipya vikimbana. Nyumbani alimkuta mzee Tulloch akimsubiri, ameoga, amevaa tai, picha ya pasipoti mkononi.

"Pinnock, wewe mtu wa Kanada. Na mimi nifanyie mpango kidogo. Hata kuosha vyombo."

Lascelles alimtazama. Kupitia dirisha la mzee aliona kochi zuri tu, na feni inazunguka. Akanyoosha kola. Lafudhi ikamrudia yenyewe.

"Hilo tutalizungumza, mzee wangu," alisema akimshika bega. "Ila twende kwako. Kwangu hakuna pa kukaa."